Binti ana B ya Biolojia na F ya Hisabati, anataka udaktari: apite wapi?

Swali

Mimi ni mzazi, ninafanya biashara ya dagaa hapa Nansio, Ukerewe. Binti yangu amepata daraja la pili, pointi 20: Biolojia B, Kiswahili B, Kemia C, Kiingereza C, Jiografia C, Uraia C, Fizikia D, na Hisabati F. Tangu shule ya msingi anasema atakuwa daktari na atarudi kuhudumia watu wa visiwani. Jirani ananishauri nimpeleke chuo cha utabibu miaka mitatu, ajiendeleze baadaye. Mwalimu wake anasema aende kidato cha tano, PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Nimsikilize nani? Hiyo F itamzuia? Na nitajuaje kama hili la kuhudumia ni nia ya kweli au ni maneno ya utoto? Nilitaka pia kumnunulia kile kifaa cha kusikilizia moyo, iwe zawadi ya kufaulu.

Jibu

Baba, hongera kwa matokeo ya binti. Nianze na F, maana ndiyo yenye uzito mkubwa katika barua yako, na inafanya kazi kinyume na jirani anavyodhani.

Wengi huamini kwamba chuo ni njia ya mwenye alama za wasiwasi, na PCB ni ya mwenye alama safi. Kwa Hisabati ya binti yako mambo yamegeuka. Stashahada ya utabibu inataka pasi nne za kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na kati ya hizo ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, kuanzia D. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza tu ya kumpa mwombaji nafasi nzuri zaidi. Kwa hiyo chuo kitampokea na F yake. Shida inakuja miaka mitatu baadaye, akitaka kutoka stashahada kwenda shahada ya udaktari, ile inayoitwa MD. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unamdai mwenye stashahada ya utabibu wastani wa B chuoni, kisha unamrudisha nyuma aonyeshe angalau D katika masomo matano ya kidato cha nne: Kemia, Biolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Hapo ndipo matabibu wazuri wanapokwama. Mtu ameshika zahanati, amezalisha akina mama, alama zake za chuo ni nzuri, halafu maombi yanarudi kwa sababu ya hesabu alizoziacha miaka mingi nyuma.

Anayetoka kidato cha sita haulizwi Hisabati ya kidato cha nne ili asome MD. Anaulizwa pasi tatu kuu, Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja isipungue D na jumla isipungue pointi 6. Kule A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1.

Lakini soma sharti hilo polepole. Mwanafunzi mwenye A ya Biolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 10, na hapati MD. Mwenye D tatu ana pointi 6 na anaruhusiwa kuomba. Kuruhusiwa kuomba si kupata, bila shaka. Nafasi ni chache na vyuo huanza kuchukua kutoka juu. Ila E moja ya Fizikia inafunga mlango ambao pointi 10 haziwezi kuufungua. Binti yako anaingia akiwa na D ya Fizikia ya kidato cha nne. Hilo ndilo la kukunyima usingizi, kuliko hata Hisabati.

Ushauri wangu ni huu: mwalimu yuko sahihi, aende PCB, kwa masharti mawili. Fizikia ianze kutengenezwa leo, kabla ya kuripoti shule Julai. Na ile F ifutwe hata kama PCB haiidai, kwa sababu PCB ikienda vibaya njia inayobaki ni chuo, na chuo bila D ya Hisabati ni barabara inayoishia kwenye utabibu. Kwa mwenye B, C na D katika masomo matatu ya tahasusi bado nafasi ya kuchaguliwa PCB ipo. Kama kwenye fomu ya machaguo aliandika tahasusi nyingine, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili baada ya matokeo. Liangalieni mtandaoni mapema, lisije likafungwa mkisubiri tangazo la shule. Asidanganywe na CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, kwa sababu haina Fizikia. CBG haiendi MD.

Kuifuta F

Atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu. Usajili hufunguliwa mapema mwaka na mtihani ni Novemba. Anayerudia anaweza kurudia somo moja tu, halazimiki kufanya yote upya. Cheti cha kwanza hakifutwi. Baadaye, kwenye maombi ya chuo, ataandika namba zake zote mbili za mtihani, ya shule na ya kujitegemea. Wengi huandika moja wakasahau nyingine, wakaonekana bado wana F.

D ya Hisabati ni alama 30 kati ya 100. Karatasi ina maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Maana yake maswali matano ya sehemu A yakikamilika yanatosha. Kosa la mwanafunzi aliyepata F ni kutaka kusoma kitabu chote kuanzia ukurasa wa kwanza. Anaishia kwenye logi, anakata tamaa. Achague mada sita azimalize: takwimu, seti, uwiano pamoja na hesabu za vitabu vya biashara, matrisi, kuratibu nukta kwenye grafu, na mfuatano wa namba. Afanye karatasi zilizopita za miaka kumi, mada hizo tu, kwa kalamu na saa mezani. Mtoto aliyekua akipiga hesabu za ndoo za dagaa na nauli ya boti hashindwi na urari na mizania za vitabu vya biashara. Tatizo mara nyingi ni Kiingereza cha swali. Amuombe mwalimu amfundishe kulisoma swali kabla ya kulikokotoa.

Atakapofika PCB atakutana tena na hesabu, somo la ziada linaloitwa BAM. Haiingii kwenye pasi tatu kuu, lakini ndani yake kuna mbinu ambazo Fizikia inazidai kila wiki. Kwa hiyo miezi hii ya kurudia hesabu haipotei bure.

Fizikia yenyewe: kuanzia sasa hadi Julai arudie mekanika aliyofundishwa hadi kidato cha nne mpaka aweze kuchora nguvu zote zinazokivuta na kukisukuma kitu bila kuangalia mfano. Kidato cha tano kinaanzia hapo hapo, na walimu wengi hudhani msingi upo. Kisha asidharau karatasi ya tatu, ya vitendo. Pendulamu, maji ya moto yanayopoa, waya kwenye daraja la mita: majaribio haya yanazunguka miaka nenda rudi, na nusu ya kazi ni jedwali safi, grafu yenye mizani nzuri, na mteremko uliosomwa sawasawa pamoja na kizio chake. Shule zenye vifaa vichache hufanya vitendo wiki mbili kabla ya mtihani. Kama atapangiwa shule ya namna hiyo, yeye na wenzake waombe maabara tangu muhula wa kwanza, hata kama ni saa moja Jumamosi.

Anataka kusimama wapi?

Sasa nije kwenye hili la kurudi visiwani, maana hapa jirani yako naye ana hoja, ingawa labda hakuikusudia.

Huduma za afya za serikali zimepangwa ngazi kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa kama Sekou Toure pale Mwanza, kisha hospitali ya kanda, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kile kile kilipo leo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi. Mgonjwa wa kisiwani kwa kawaida anaanzia zahanati. Na anayemkuta zahanati ni tabibu na muuguzi. Mwenye MD kwa kawaida hapangwi zahanati. Atapangwa hospitali ya wilaya, labda kituo cha afya kinachofanya upasuaji, na baada ya muda si mrefu atakuwa mganga mfawidhi anayesaini matumizi ya dawa na kuhudhuria vikao vya halmashauri. Akisoma zaidi akawa bingwa, miaka mitatu au minne mingine, kazi yake iko Bugando au hospitali ya mkoa, kwa sababu huko ndiko kwenye vifaa vya ubingwa wake.

Yaani kila ngazi ya elimu anayopanda inamsogeza mbali na mwalo. Si kwamba watu wamekuwa wachoyo au wamesahau kwao, ingawa wapo. Mfumo wenyewe ndivyo ulivyo. Binti anayesema "nitarudi kuhudumia watu wa visiwani" anapaswa aulizwe: kuhudumia kwa kufanya nini?

Kama anachokiona kichwani ni kukaa na wagonjwa wa kijiji kimoja, kuwajua kwa majina, kutibu malaria na nimonia ya watoto, kugundua kichocho kwa wavuvi na wanaochota maji ziwani, kufuatilia wajawazito na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, basi hiyo ni kazi ya tabibu na muuguzi mkunga. Ni kazi kamili. Haina sababu ya kuitwa ngazi ya kupitia. Huko jirani anasema kweli: miaka mitatu, na anaanza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Vyuo vipo ukanda huu, Musoma na Kolandoto ni baadhi, na maombi hupitia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati.

Kama anachokiona ni mama aliyeshindwa kujifungua usiku kisiwani Ukara, na mtu wa kumpasua asipatikane, hapo MD ina maana. Lakini amuone mama huyo vizuri. Upasuaji wa kumtoa mtoto haufanywi na daktari peke yake. Anahitajika wa kupasua, wa kutoa dawa ya usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, wa kumpokea mtoto na kumsaidia kupumua, na wa maabara wa kupima kundi la damu na kuilinganisha, tena damu yenyewe iwepo kwenye jokofu lenye umeme. Baada ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, sehemu ya fedha za rambirambi ilijenga majengo ya Kituo cha Afya Bwisya kule Ukara. Majengo ni jambo jema. Mtaalamu wa usingizi mmoja akiwa likizo, mlango wa chumba cha upasuaji unabaki umefungwa na mgonjwa anavushwa kwenda Ukerewe kwanza, na kutoka hapo Mwanza kuna saa kadhaa za maji. Kwa hiyo binti akikuambia siku moja kwamba anavutiwa na kutoa dawa za usingizi, au maabara, usisikitike kana kwamba ameshuka. Pengine ndiye mtu anayekosekana.

Neno moja hapa: wazee wa afya watakuambia kuna njia ya kati, tabibu anasoma miaka miwili anakuwa daktari msaidizi na anapasua. Ilikuwepo na ilijenga hospitali nyingi za wilaya. Mafunzo hayo yamefungwa, msiipange safari kwa ramani hiyo.

Kuijaribu nia

Nia haipimwi kwa kuuliza. Ana miezi kadhaa ya kusubiri kidato cha tano. Aende kwa mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu, na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, aombe kujitolea siku tatu kwa wiki. Hataruhusiwa kuchoma sindano wala kuingia kwenye kuzalisha, na asiombe. Atapanga foleni asubuhi, atapima uzito wa watoto siku ya kliniki, atasaidia kupanga mafaili, atatazama jinsi vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma na wagonjwa, vinavyojazwa mstari kwa mstari mpaka jioni. Kazi ya afya ni karatasi nyingi kuliko watu wanavyoona kwenye televisheni, na anayechukia kuandika atateseka.

Baada ya mwezi, usimuulize kama amependa. Angalia vitu viwili. Kwanza, siku ya tatu ya wiki ya nne, mvua ikinyesha, alikwenda? Pili, na hili ni zito zaidi: je, umewahi kusikia kutoka kinywani mwake nani alikuja kupima nini? Kisiwani kila mtu anamjua kila mtu. Akirudi nyumbani akasimulia kwamba mke wa fulani alionekana dirisha la dawa za virusi, hata kwa huruma, hata kwa mama yake jikoni, hapo pana kazi ya kufanya kabla ya PCB. Watu wakijua zahanati inavuja siri watapanda boti kwenda kutibiwa Mwanza au watakaa na ugonjwa ndani. Mwelezeni mapema, kwa upole lakini bila kuzunguka. Hilo hurekebishika akiwa na miaka kumi na saba. Akiwa na thelathini ni vigumu.

Akizimia alipoona damu, lichukulieni kuwa jambo dogo. Hutokea kwa wengi, hasa wakisimama muda mrefu bila kula. Ale asubuhi, na akianza kuona giza akae chini au alale aweke miguu juu. Wengi huzoea. Haina uhusiano na wito.

Na lugha. Masomo ya udaktari ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho, wagonjwa wa Kanda ya Ziwa ni Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe, Kijita. Mwanafunzi anayeweza kumwamkia bibi kwa "mwangaluka" na kuuliza maumivu yalianza lini bila mkalimani anapata historia ya ugonjwa ambayo mwenzake hataipata. Asiache Kikerewe kwa kudhani ni mzigo wa kijijini.

Miaka mitano, na mmoja

MD ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kwa usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, ndipo unakuja usajili kamili. Ukijumlisha kidato cha tano na sita ni miaka minane kuanzia Julai. Kupitia stashahada ni tisa, bila kuhesabu muda wa kazi katikati.

Miaka miwili ya kwanza hakuna wagonjwa wa kutosha kumfurahisha aliyekuja kuhudumia. Ni anatomia, fiziolojia, baiokemia, baadaye vimelea, patholojia, dawa. Hapa ndipo "sapu", mitihani ya marudio, zinapoanza na baadhi hudisko, yaani huondolewa chuoni. Wanaoanguka si wajinga. Wengi walikuwa wa kwanza shuleni kwao kwa kukariri usiku mmoja. Anatomia haikaririki usiku mmoja, kwa sababu kila wiki inaongeza mzigo juu ya ule wa jana. Kinachosaidia ni kurudia siku ile ile uliyofundishwa, kuchora kwa mkono, na kusoma na wenzako watatu au wanne mkiulizana kwa sauti. Madesa, yale makaratasi ya notsi na maswali ya waliotangulia, yasaidie kujua kinachopendwa kuulizwa, yasiwe ndiyo kitabu.

Mwaka wa tatu wanaingia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, akina mama na uzazi, pamoja na afya ya jamii na afya ya akili. Raundi za asubuhi, zamu za usiku, mwalimu anauliza mbele ya mgonjwa na wenzako wote. Kabla ya siku hiyo awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ukianza mwezi mmoja kabla ya wodi umechelewa. Na akichomwa na sindano iliyotumika, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, aripoti saa ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina maana zikianzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ndivyo bora, na humezwa siku 28. Wanafunzi wanaoumia zaidi ni walioona aibu kuripoti kwa kuogopa kuonekana hawajui kushika sindano.

Fedha

Bodi ya Mikopo inaangalia uhitaji na kozi. Sayansi za afya zimo kwenye vipaumbele, lakini vyuo binafsi vya udaktari vina ada ya mamilioni kwa mwaka na mkopo unaweza usifike huko juu. Ndiyo maana kwenye maombi asiweke Bugando peke yake kwa sababu ni karibu na nyumbani. Aweke na vya serikali, Muhimbili, Dodoma, Mbeya. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na hufika kwa mafungu, hivyo wiki za mwanzo za muhula wewe ndiye bodi. Akifaulu vizuri sana kidato cha sita kuna Samia Skolashipu, ambayo ni ufadhili, hairudishwi. Mkopo unarudishwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi.

Aliyepitia stashahada ana mtego mwingine kwenye mkopo: asiwe na ajira rasmi inayompa mshahara, na awe amemaliza ndani ya miaka mitano. Tabibu aliyefanya kazi miaka saba akakumbuka ndoto yake atasoma kwa ruhusa ya mwajiri na fedha zake. Kwa hiyo ukisikia "ajiendeleze baadaye", uliza baadaye ni lini.

Anza na karatasi sasa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yake yawe sawa herufi kwa herufi na ya cheti cha kidato cha nne. Kama kimoja kimeandikwa jina la babu na kingine la ukoo, rekebisheni mwaka huu kwa mwanasheria, si wiki ya mwisho ya dirisha. Kumbuka pia kwamba baada ya kidato cha sita vijana huitwa JKT, na maombi ya chuo na mkopo hufunguliwa nyakati hizo hizo. Nakala zote zibaki kwako Nansio, na wewe ujue nywila zake.

Mkiletewa wakala wa vyuo vya nje kwa bei nafuu, muulizeni kwanza cheti cha kutokuwa na pingamizi cha TCU. Kikikosekana, shahada inaweza isitambuliwe akirudi. Na shirika au parokia ikijitolea kumsomesha kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi kwao, ni jambo la heri, ila someni imeandikwa miaka mingapi, wapi, na atadaiwa kiasi gani akivunja. Mkopo wa Bodi haumfungi kurudi kisiwani. Unamfunga kulipa tu. Ajira ya serikali nayo si ya moja kwa moja: kuna madaktari waliosajiliwa wanaosubiri, huku zahanati zikilalamika hazina watu.

Kifaa cha kusikilizia moyo, stetoskopu, ukikinunua leo kitakaa kabatini miaka mitano. Hatakihitaji kwa dhati mpaka mwaka wa tatu wa MD, na mpira wake unakakamaa kwa joto. Mnunulie karatasi zilizopita za Hisabati na za Fizikia, seti nzuri ya vyombo vya jiometri, na taa ya sola yenye kukaa na chaji mpaka saa nne za usiku. Stetoskopu utampelekea siku atakapokupigia simu kwamba kesho anaingia wodi ya watoto, na akuambie mwenyewe aina gani. Wakati huo atakuwa anajua kuchagua kuliko mimi na wewe.